Mahali Ambapo Ganzi Haikufika

Kabla ya kukata pembe za ndama, mimi humdunga sindano mara mbili. Ya kwanza ni ya dawa ya ganzi, pale kati ya jicho na pembe. Kisha nasubiri. Wenye ndama hawapendi kusubiri. Wana maziwa ya kupeleka, wana viazi vya kupalilia, na huniangalia kana kwamba nawachelewesha makusudi. Halafu nachukua sindano tupu, isiyo na dawa, na kumchomachoma kuzunguka pembe. Akiruka, dawa haijashika. Akitulia, nakata. Sijawahi kumuuliza ndama kama anaumia, na sijawahi kumsikiliza mwenye ndama anayeniambia, "Huyu ni mpole, daktari, kata tu."

Kazi hii nimeifanya huko Bahati, nje ya mji wa Nakuru, kwa zaidi ya miaka ishirini. Watu huniita daktari wa ng'ombe. Kaka yangu mkubwa akitaka kuninyamazisha huniita hivyohivyo, ila kwa sauti nyingine. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba nilijua. Siku baba alipotobolewa kichwa, katika kile chumba nilikuwa nikijua jinsi ya kuhakikisha kama dawa imeshika, na nilinyamaza. Wapo wengine nitakaowalaumu kwanza, kwa sababu wanastahili. Lakini mwisho wa orodha ni mimi.

Baba anaishi Keringet, kwenye shamba lile lile alikotulea. Mwaka huo alijigonga kichwa kwenye mlango wa zizi la ndama, mlango alioujenga mwenyewe na ambao kwa miaka yote amekataa kuuinua hata kwa upana wa mkono. Hakumwambia mtu. Kulikuwa na uvimbe, ukaisha. Wiki kadhaa zikapita, akaanza kuburuta mguu wa kulia. Akawa anamimina chai nje ya kikombe na kuiangalia ikienda. Siku moja kwenye simu aliniita kwa jina la mama, ambaye tulimzika zamani.

Kaka yangu akasema ni uzee. Shangazi akasema aombewe, na kweli akaombewa, tena kwa simu, spika ikiwa imewashwa na kuku wakipita kati ya miguu yake. Kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp mmoja aliandika kwamba huo ni ukosefu wa maji mwilini, mwingine akaleta picha ya majani fulani ya kuchemsha. Nilipofika kutoka Bahati nilimkuta amekaa kwenye stuli nje ya jikoni, kofia mapajani, hamalizi sentensi. Kiswahili chake, alichokitumia miaka na miaka akinunua na kuuza viazi na watu wa kila kabila, kilikuwa kimempotea chote. Alibakiwa na Kipsigis tu, tena kile cha utotoni. Ningeletewa ng'ombe wa hivyo, anaburuta mguu na kichwa kimeinamia upande mmoja, nisingesema ni uzee. Nilimpakia kwenye gari nikaenda naye Nakuru, na nilitukana njia nzima hadi Njoro.

Picha ya kichwa ilionyesha damu ya zamani, imekaa kati ya fuvu na ubongo upande wa kushoto, inasukuma ubongo taratibu. Daktari wa upasuaji, mwanamume mrefu asiyependa kukaa, alituonyesha doa lile kwa kalamu. Alisema atatoboa matundu mawili madogo, damu itoke, aoshe, ashone. "Ni kitu kidogo tu," alisema. Siku hiyo niligundua kwamba upasuaji mdogo ni ule anaofanyiwa mzazi wa mtu mwingine.

Shida ilikuwa ni namna ya kumkinga na maumivu. Hapo ndipo alipokuja daktari wa usingizi, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Yeye ndiye mtu pekee katika habari hii ambaye sina neno naye. Alitukalisha kwenye benchi la korido, mimi na kaka yangu, baba akiwa katikati yetu kwenye kiti cha magurudumu, akatueleza.

Kuna njia mbili, alisema. Ya kwanza ni nusukaputi: mgonjwa analala kabisa, anawekwa mpira kooni, mashine inampumulia. Hasikii kitu, hasogei, daktari anafanya kazi yake kwa raha. Ya pili ni kumpiga ganzi kwenye ngozi ya kichwa tu. Mfupa wenyewe hauumi ukitobolewa, ubongo pia hauumi, kinachouma zaidi ni ngozi na kile kiwambo kilicho chini ya mfupa. Kwa hiyo mgonjwa anakuwa macho. Atasikia kelele ya mashine kichwani mwake, atasikia mtikisiko, lakini hatakiwi kusikia uchungu.

"Sasa, huyu mzee aliwahi kuwa na TB?" akauliza.

"Zamani," nikasema.

"Kifua chake kimeharibika sana. Nikimlaza kabisa, naweza kujaribu kumtoa kwa hiyo mashine nikashindwa. Nawaambia ukweli. Wazee wa hivi wengine hawaamki haraka, na wakiamka wamechanganyikiwa kuliko walivyoingia. Ningependa ganzi. Lakini ganzi nayo ina masharti. Lazima atulie. Na lazima aseme akiumia. Hiyo njia yote inategemea mdomo wake."

Nilimwelewa neno kwa neno. Kaka yangu hakuelewa, au hakutaka. Yeye ni mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kila kamati iliyowahi kuundwa kati ya Keringet na Molo, na kitu kikikosa kikao hakitambui.

"Daktari, si mumlalishe tu kabisa? Hiyo ya kukaa macho ni ya nani? Ni ya watu hawana mtu. Mzee wetu ako na watu."

"Boss, si mambo ya kuwa na watu. Ni mapafu."

"Wacha tuongee kama familia kwanza."

Basi tukaongea kama familia. Kaka alipiga picha ya karatasi ya hospitali akaitupa kwenye kikundi, na kwa muda wa saa nzima watu wa Kericho, Bomet na mmoja aliyeko Qatar walijadili jinsi baba yangu atakavyolala. Binamu mmoja alisema ganzi ni dawa ya kung'oa jino. Mwingine aliapa kwamba nusukaputi ndiyo iliyomuua jirani yao, kisha ikajulikana jirani aligongwa na pikipiki. Nilipoandika kwamba kwa mnyama mwenye mapafu mabovu mimi siwezi hata kufikiria kumlaza, kaka aliandika mbele ya wote: "Dr wa ng'ombe tuachie madaktari wa watu." Wakacheka kwa zile sura za njano. Wakati huo baba alikuwa hapo hapo kati yetu, mikono juu ya kofia yake, akitazama ukuta. Hakuna aliyemuuliza anataka nini. Mimi pia sikumuuliza. Tuliongea juu ya kichwa chake kwa Kiswahili, tukidhani kwa kuwa Kiswahili hakimtoki basi hakimwingii.

Daktari wa usingizi aliporudi hakungoja kikao kiishe. Alimpima baba kifua mara ya pili, akatikisa kichwa, akasema ni ganzi au ni kumrudisha nyumbani na damu yake kichwani, na akirudi nyumbani mtamzika. Kaka akatia saini. Wanaotia saini kwetu ni wanaume.

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natafuta kitu cha kuvunja. Alipiga magoti mbele ya kiti cha baba, akamshika magoti yote mawili, akamwambia kwa lugha yetu: "Baba, watakukata ukiwa macho. Usisogee. Usitoe sauti. Watu wa hapa wakuone wewe ni nani."

Hakukusudia ubaya, najua. Hayo ndiyo maneno aliyoambiwa yeye akiwa kijana, na aliyemwambia ni baba. Kwetu kijana akienda jandoni hukaa mbele ya kisu bila kupepesa kope, na wapo wanaume wanaosimama kumtazama usoni ili wajue. Baba alikuwa mmoja wa hao. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kutazama nyuso za vijana wa watu na kuona nani kope zimecheza. Huyo ndiye mtu ambaye kaka yangu alimwambia asitoe sauti. Daktari ametoka kutuambia kwamba usalama wake wote uko mdomoni, na mwenyekiti wetu akaenda akaufunga.

"Kwa nini umemwambia hivyo?" nilimuuliza.

"Nimempa nguvu."

"Ameambiwa aseme akiumia!"

"Mzee hawezi kusema. Unamjua."

Ndiyo maana nilikasirika, kwa sababu namjua.

Ilihitajika mtu wa kuingia naye chumbani, wa kumsemesha kwa lugha yake, kwani muuguzi wa zamu alitoka Kihoto, Naivasha, na madaktari wote wawili hawakujua hata neno moja la Kipsigis. Kila mtu alimtazama kaka. Kaka alizitazama zile nguo za kijani, akakumbuka kuna simu anapaswa kupiga. Kwa hiyo nikavaa mimi. Mwanamke haruhusiwi kukaribia mahali wanaume wa kwetu wanapokutana na kisu, na binti ndiye wa mwisho kabisa. Lakini siku ile mila ilikosa mwanamume wa kuitetea, ikaniacha nikipita.

Muuguzi, mama mnene mwenye haraka, alinifunga kamba za nguo mgongoni. Baba alikuwa tayari amelazwa mezani, kichwa kimenyolewa nusu, shuka la kijani limejengwa juu yake kama hema, uso wake ukiwa upande wangu.

"Sikiza mathe," muuguzi aliniambia, "unakaa hapa kwa hiki kiti. Hushiki kitu. Huongei na daktari, unaongea na mzee. Akianza kusumbua, au wewe ukianza, unatoka nje mara moja. Sawa?"

"Sawa," nikasema.

Nikakaa. Nilimshika baba mkono chini ya shuka. Daktari wa upasuaji alidunga ganzi mahali pa mbele, akasubiri, akabana ngozi kwa koleo lake dogo. "Muulize anasikia?" Nikamuuliza. Baba akasema hapana, na mkono wake ulikuwa mlegevu mkononi mwangu, kwa hiyo ilikuwa kweli. Wakakata. Wakatoboa. Ile mashine ina kelele ya posho mill ikisaga mahindi, na nilimwona baba akifumba macho na kuyafumbua, lakini alikuwa sawa. Damu ilipotoka ilikuwa nyeusi, nyepesi, ya rangi ya oili inayomwagwa kutoka kwenye trekta. Daktari wa usingizi alikuwa upande wa pili, akitazama kioo cha mashine yake ya kupima moyo.

Kisha wakahamia tundu la pili, la nyuma. Daktari alipapasa kichwa, akapima kwa vidole, akasogea nyuma zaidi ya alama aliyokuwa ameiweka kwa kalamu. Akadunga kidogo. Na safari hii hakubana kwa koleo. Aliuliza tu, hata hajanitazama, "Hapa pia hasikii, sivyo? Muulize."

Niliona. Nataka niliandike hili bila kulipamba. Niliona kwamba amesogea nje ya alama yake, kwamba ganzi aliyoongeza ni kidogo, na niliona kwamba hajasubiri. Kama ingekuwa ni zizini Bahati na huyo ni mwanafunzi wangu wa mazoezi, ningempiga kwenye kifundo cha mkono. Neno lilikuwa mdomoni. Nikamkumbuka muuguzi, nikafikiria mlango, nikamfikiria baba akibaki peke yake chini ya lile shuka na watu asioweza kusema nao. Nikalimeza. Badala yake nilimuuliza baba kwa lugha yetu, "Inauma hapo?"

"Hapana," alisema.

"Hasikii," nikamwambia daktari.

Kisu kiliposhuka, mkono wa baba ulinishika. Haukurukaruka, ulikaza tu, na ukaendelea kukaza. Uso wake haukubadilika. Kope hazikucheza. Nilimuuliza tena, na tena akasema hapana, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayekataa chai ya pili. Kisha chozi moja likatoka kwenye jicho la juu, likapita juu ya pua, likaingia kwenye shuka.

"Simama," alisema daktari wa usingizi. "Daktari, simama. Moyo unakimbia, presha imepanda. Huyu mzee anaumia."

"Si amesema haumii?"

"Sijali amesema nini."

Daktari wa upasuaji alisimama, na nilimsikia akipumua kwa hasira nyuma ya kile kitambaa cha mdomo, hasira ya mtu aliyecheleweshwa. Wakaongeza dawa. Wakasubiri, safari hii kweli. Akabana kwa koleo. Mkono wa baba ukalegea kidogo kidogo, mpaka nikaanza tena kuhisi vidole vyangu. Tundu la pili likatobolewa, wakaosha, wakaweka mrija, wakashona. Walipolitoa shuka, baba alimtafuta yule mrefu kwa macho akamwambia, "Kongoi."

Alimshukuru. Nilitoka nje nikamkuta kaka kwenye korido, simu mkononi.

"Alikaa aje?" aliniuliza. "Alilia?"

"Hakulia."

Akatabasamu hadi masikioni, akageuka aandike kwenye kikundi. Nikampokonya ile simu nikaitupa chini. Kioo kilipasuka. Watu wa korido walinitazama, mlinzi akasogea, na mimi nikaanza kupiga kelele ambazo sitaziandika hapa. Kwa muda mrefu baadaye hatukuongea, na nilipoulizwa sababu nilisema muulizeni mwenyekiti.

Baba alipona. Mguu ulirudi, kisha maneno, kisha ubishi. Kabla ya mvua kubwa alikuwa anatembea mpaka sokoni na kulalamika juu ya bei ya mbegu, kwa Kiswahili. Wenzangu waliniambia nishukuru Mungu niachane na hasira. Nilishukuru, na hasira nikabaki nayo. Kila nilipopiga ndama ganzi niliirudia. Nilijiambia kwamba mila imemfunga baba mdomo, na kaka akakaza fundo, na daktari mvivu akalitumia. Niliieleza hivyo kwa mtu yeyote aliyekubali kunisikiliza, na niliieleza vizuri, kwa sababu nilikuwa nimefanya mazoezi.

Majuzi nilikwenda Keringet kumkatia ndama pembe. Baba alikishika kichwa cha ndama mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Mlango wa zizi bado haujainuliwa, niliingia nimeinama. Nikadunga ganzi, nikasubiri. Nikachukua sindano tupu nikachoma kuzunguka pembe. Upande mmoja ndama alitulia. Upande wa pili aliruka, akanipiga teke la goti.

"Unamdunga nini tena?" baba aliuliza. "Si umeshamdunga?"

"Najaribu kama dawa imeshika. Haijashika huku."

Alikuwa bado ameshika kichwa cha ndama kifuani. Kovu lake la nyuma lilikuwa mbele ya macho yangu, mahali nywele zimekataa kuota.

"Yule daktari wangu hakujaribu huku nyuma," alisema.

Sikuwa nimejua kwamba anakumbuka. Hasira yote ikapanda, ile niliyoifanyia mazoezi. "Nilikuuliza!" nikamwambia. "Mara tatu nilikuuliza, baba. Daktari alisema useme. Ungesema tu. Lakini hapana, lazima watu waone wewe ni mwanamume. Nani alikuwa anakutazama pale? Ni mimi tu!"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kitu ambacho kila mtu anajua.

"Yule mama mnene alisema kukiwa na kusumbua wewe unatolewa nje," alisema. "Mimi ningebaki na nani?"

Sindano tupu ilikuwa mkononi mwangu. Sikumwambia kwamba hata mimi nilinyamaza kwa sababu hiyo hiyo. Nilivuta dawa nyingine, nikamdunga ndama upande ule, nikakaa chini kwenye nyasi kusubiri, na baba naye akakaa, hakuharakisha.